Skrini ya Kuendeshea Nyumba: Vidokezo 9 Kabla Hujafungua Pochi

Tangazo limekupitia kwenye simu: skrini nyembamba imebandikwa ukutani, mtu anaigusa kwa kidole, taa zinawaka, geti linafunguka, kamera inaonyesha aliyesimama nje. Inavutia, tukubali! Amazon walianza na Echo Show mwaka 2017, Google wakaleta yao ya inchi 7 mwaka 2018, na mwaka 2023 Amazon wakatangaza Echo Hub ya inchi 8, ambayo kazi yake hasa ni kuendesha vifaa vya nyumbani. Sasa kijana wako anayefanya kazi Arusha mjini anapiga simu: "Yeyo, nikuletee moja huko kijijini Piyaya?"

Usimjibu haraka. Swali lake ni zuri, na jibu linategemea umeme unaoupata, watu unaoishi nao na kazi unayotaka ifanyike. Uwe kwenye boma la Piyaya au nyumba ya tofali Karatu mjini, vidokezo hivi vitakusaidia kuamua mwenyewe. Vingi havigharimu hata shilingi. Haya, twende!

1. Hesabu skrini ulizonazo tayari

Simama katikati ya nyumba, geuka polepole, angalia kuta. Kama umeunganishwa na TANESCO, iko rimoti ya LUKU, ile yenye vitufe vya namba. Kama unatumia sola, iko chaji kontrola yenye kioo kidogo. Kama sola yako ni ya mkopo, ile ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, boksi lake lina taa au namba za kukuonyesha siku zilizobaki. (Biashara hiyo ilikulia jirani kabisa: Off-Grid Electric, iliyokuja kuitwa ZOLA, ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010.) Inveta nayo ina kioo chake, na simu iko mfukoni.

Umeona? Unazo mbili, pengine tatu, na hakuna anayezisoma mpaka giza liingie! Kazi yako ya wiki hii ni kuzijua hizo kwanza.

2. Itoe rimoti ya LUKU kabatini

Rimoti ya LUKU ni skrini ya nyumbani iliyoenea sana Tanzania, na bado nyumba nyingi huificha kwenye droo pamoja na mishumaa. Itoe! Itundike karibu na mlango, usawa wa macho. Badilisha betri zake kabla hazijaanza kuvuja. Kila aina ya mita ina namba zake fupi za kuulizia uniti zilizobaki, kwa hiyo mwombe fundi au ofisi ya TANESCO wakupe za mita yako, uziandike kwenye kipande cha plasta ubandike nyuma ya rimoti. Ukikwama, namba ya huduma kwa wateja ni 180.

Kisha jaribu hili: soma uniti kila asubuhi saa moja, ukishaamka na kabla ya pasi kuwashwa. Toa ya leo kwenye ya jana. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, yaani D1, unalipa Sh 100 kwa uniti kwa zile 75 za kwanza za mwezi, na ukivuka hapo kila uniti ya ziada inakuwa Sh 350, kabla ya kodi na tozo. Gawanya 75 kwa siku 30 upate 2.5. Hiyo ndiyo namba ya kukariri! Siku ikisoma 4, kuna kitu kimekula: jiko la umeme, pasi, au friji yenye mlango usiofunga vizuri.

Na ile mara ya kwanza ya mwezi unaponunua umeme ukaona uniti pungufu, usimgombeze wakala. Kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni Sh 1,500 kwa mwezi.

Sababu nyingine ya kuitunza rimoti tuliiona mwaka 2024, mita zote za LUKU zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulipokea makundi matatu ya tarakimu 20, uingize moja baada ya jingine. Tarakimu 60! Hebu fikiria kuziingiza kwenye rimoti yenye vitufe vilivyokufa.

3. Soma volti, achana na vijiti vya betri

Hiki ni cha wenzetu wa sola, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sogea karibu na chaji kontrola. Ile ya kawaida ina kioo kama cha saa ya mkononi na vitufe vitatu chini yake. Kwenye kioo kuna picha ya paneli, mshale, picha ya betri, mshale mwingine, kisha picha ya balbu. Mshale wa kwanza ukionekana, jua linaingia kwenye betri. Wa pili ukionekana, umeme unakwenda kwenye matumizi. Ndani ya picha ya betri kuna vijiti vinavyopanda na kushuka, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mchana vijiti vinajaa haraka kwa sababu paneli inasukuma umeme, halafu usiku saa tatu taa zinazimika na kila mtu anashangaa.

Macho yako yaende kwenye namba. Isome alfajiri, taa zikiwa zimezimwa na jua halijaipiga paneli, kwa sababu muda huo betri imepumzika na haidanganyi. Kwa betri ya kawaida ya volti 12, ile ya maji au ya jeli: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, 11.8 imekwisha. Ziandike namba hizo tatu kwa makapeni ukutani, pembeni ya kontrola, wazione wote. Ukiamka ukakuta 12.1 siku tatu mfululizo, unatumia kuliko unachovuna. Punguza saa za televisheni kabla betri haijachakaa, maana betri ya aina hii ikizoea kukauka kila usiku haidumu.

Betri za lithiamu ni habari nyingine. Volti zake hukaa palepale karibu mpaka mwisho, halafu zinaporomoka ghafla. Ukiwa nazo, volti hazitakusaidia sana. Tafuta kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka.

Sasa angalia tena saa sita mchana. Jua kali, anga nyeupe, na volti haziendi karibu na 14? Panda juu uangalie paneli. Tambarare za Ngorongoro zina vumbi la kutosha, na volkano ya Ol Doinyo Lengai ikichachamaa kama ilivyofanya mwaka 2007 na 2008, huongeza majivu juu yake. Futa kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kioo kikiwa bado cha baridi. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, fundi asiilaze paneli kabisa: aiinamishe kidogo, nyuzi kumi hadi kumi na tano, mvua iisafishe bila wewe kupanda paa.

Ukishazoea kuisoma kontrola hivi, tayari una skrini ya kuendeshea nyumba. Umeipata bure!

4. Skrini nayo inakula, uliza inakula kiasi gani

Skrini ya ukutani ni mgeni anayekula mchana na usiku, hata wenyeji wakilala. Chukua kalamu. Skrini ya wati 5 inayowaka saa 24 inatumia wati-saa 120 kwa siku. Ili ifanye kazi inataka Wi-Fi, na ruta ya wati 8 isiyozimwa ni wati-saa 192 nyingine. Jumla 312.

Paneli ya wati 50 ikipata saa tano za jua zuri inavuna wati-saa 250, na hiyo ni siku njema isiyo na wingu. Umeona hesabu? Skrini na ruta vinaimaliza paneli nzima na bado vina njaa, kabla hujawasha hata taa moja! Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka kuanzia saa moja usiku hadi saa sita ni wati-saa 25 tu. Yaani skrini peke yake inakula jioni ya balbu karibu tano.

Kwa aliye kwenye gridi, hesabu hiyo haina uzito: 312 kwa siku ni uniti 9 na kidogo kwa mwezi. Kwa aliye kwenye sola ya wati 50, mjadala umekwisha hapa. Ruka mpaka kidokezo cha 6.

5. Zima data dukani, halafu ujaribu

Kabla ya kulipia kifaa chochote kinachoitwa janja, mwombe muuza duka akiwashe, kisha azime intaneti. Bonyeza. Taa inazimika? Vizuri. Inakuambia "hakuna mtandao"? Kirudishe kwenye boksi. Ukiishi mahali ambapo bando linaisha au mtandao unasuasua wingu likitanda, taa ya chumbani kwako haina sababu ya kuomba ruhusa kwa kompyuta iliyoko bara jingine.

Yapo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2016 Marekani, kifaa cha kuendeshea nyumba kiitwacho Revolv, kilichokuwa kikiuzwa dola 300, kilizimwa moja kwa moja baada ya kampuni ya Nest iliyokinunua kufunga huduma yake. Na kwenye sola za mkopo, Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Kampuni huja na kuondoka. Muulize muuzaji: ninyi mkifunga, kifaa changu kitaendelea kufanya kazi?

Na chochote utakachofunga, bakiza swichi ya kawaida ukutani. Mgeni akiingia gizani, mkono wake utaitafuta hiyo.

6. Taa inayojua kazi yake haihitaji kuamrishwa

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote, na ulitoka kwa mtoto wa Kimaasai.

Richard Turere alikulia Kenya, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakitoka hifadhini usiku na kuua ng'ombe wa nyumbani kwao, na zamu ya kulinda ilikuwa yake. Alijaribu moto, haukusaidia. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 akaunganisha paneli ya sola, betri kuukuu ya gari, kiboksi cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, kana kwamba kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliieleza dunia kazi hiyo kwenye jukwaa la TED.

Tazama alichokifanya: mfumo janja kamili, usio na skrini wala intaneti, na kazi ya kukumbuka kuuwasha ni ndogo mno. Huko ndiko pa kuanzia. Taa za sola za sensa, zinazojiwasha jua likizama na kujizima kukipambazuka, unazipata kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Weka moja mlangoni pa zizi, moja njia ya chooni, moja kwa mbuzi. Zile zinazoongezeka mwanga mtu au mnyama anapopita ni nzuri zaidi kwa njia ya chooni, hasa kwa watoto na wajawazito. Ziweke mahali ambapo mgunga hauzipi kivuli mchana, na usiziweke karibu na taa nyingine, maana sensa itadhani bado ni mchana.

Uzio wa miiba ubaki palepale, tafadhali. Taa ni msaidizi wake.

7. Tangi la maji: kamba, chupa na jiwe

Kidokezo cha dakika moja. Unataka kujua maji yaliyobaki kwenye tangi bila kupanda? Chupa yenye maji nusu, iliyofungwa vizuri, ielee ndani, kamba ipite kwenye ukingo wa juu, na jiwe jepesi kuliko chupa hiyo lining'inie nje. Chora mistari ya rangi ubavuni mwa tangi. Maji yakishuka, jiwe linapanda. Kwenye msimu wa kiangazi, hiki ndicho kipimo ambacho nyumba nzima itakiangalia mara nyingi kuliko vingine vyote, na hata mtoto wa darasa la kwanza anakisoma.

8. Simu ikiondoka, nani anaendesha nyumba?

Sasa niitetee skrini kidogo, maana ipo hoja moja ya maana sana upande wake.

Programu ya kuendesha nyumba ikiwa kwenye simu ya baba, basi baba akienda mnadani Karatu, nyumba imekwenda naye. Waliobaki ni bibi mwenye kiswaswadu, watoto waliotoka shule na kijana anayechunga. Hao nao wana haki ya kujua kama betri itafika asubuhi! Simu ni ya mtu mmoja, kitu kilichobandikwa ukutani ni cha wote. Hapo wanaotetea skrini ya pekee wana haki kabisa.

Lakini isomeke na wote kweli. Alexa ya Amazon haizungumzi Kiswahili, sembuse Kimaasai. Menyu za Kiingereza zenye vipicha ishirini zitamwacha bibi mlangoni.

Mfano mzuri unaupata zahanati. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kwenye friji nyingi za chanjo huwekwa kifaa kidogo cha kurekodi joto la siku 30. Kina betri yake ndani, hakina intaneti, na kioo chake kinajibu swali moja: joto limekaa sawa, au limevuka? Muuguzi anakiangalia asubuhi na jioni, anaandika, anaendelea na wagonjwa. Siku ukienda kliniki, mwombe akuonyeshe.

Pima kifaa chako kwa hicho. Kinajibu swali ambalo nyumba nzima inauliza? Kinajibu hata umeme ukikatika? Anayekisoma anahitaji kufundishwa zaidi ya mara moja? Kipimo kidogo cha volti kilichowekwa sebuleni, chenye alama za kijani, njano na nyekundu ulizobandika mwenyewe, kinafaulu mtihani huo wote. Mama akiona nyekundu anamwambia kijana azime televisheni, yamekwisha.

9. Nani anunue, nani asinunue

Tuseme wazi sasa.

Boma lenye taa tano, redio na chaji ya simu: usinunue. Nyumba ya Karatu yenye LUKU, friji na televisheni: usinunue bado, rimoti iliyotundikwa vizuri na taa mbili za sensa zinatosha, na simu ikisaidia kununua umeme ukiwa safarini.

Nyumba ya wageni au lodge yenye sola, inveta, betri nyingi na jenereta: hapo nakubali, nunua. Wafanyakazi wanabadilishana zamu, wageni wanataka maji ya moto saa kumi na moja alfajiri kabla ya kushuka kreta ya Ngorongoro, na mtu wa zamu ya usiku lazima aone betri imebaki kiasi gani bila kumwamsha meneja. Skrini moja mapokezi au chumba cha mitambo itajilipa yenyewe kwa dizeli mtakayookoa.

Na hata hapo, usikimbilie ya bei kubwa. Tableti ya zamani iliyolala kabatini inafaa. Programu ya bure ya Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013, inaweza kuendesha vifaa vingi ndani ya nyumba bila kutegemea intaneti, ingawa utahitaji kijana anayejua kompyuta aipange na kakompyuta kadogo ka kuibeba. Tahadhari moja tu: tableti isikae kwenye chaji siku nzima, kwa sababu betri yake huvimba. Ichaji saa chache mchana, jua likiwa linamwagika bure.

Wengine wote, wiki hii fanyeni mambo matatu: tundikeni rimoti, andikeni volti ukutani, futeni paneli. Fedha ya skrini iwekeni kwenye betri iliyo bora na taa za zizini. Hizo ndizo zitakazowafaa usiku fisi wakianza kulia.